Kutembelea Ngome za Kirumi za Housesteads na Vindolanda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa tena na tena na Waswahili wanaoishi Uingereza, na wageni wanaowatembelea, kila wanapopanga safari ya kwenda kuuona Ukuta wa Hadrian. Bei na saa za kufungua hatukuziandika kwa sababu hubadilika kila msimu. Ziangalie kwenye tovuti za wasimamizi siku chache kabla hujaondoka.

## Mambo ya msingi

Housesteads na Vindolanda ni nini hasa?

Ni magofu ya ngome mbili za jeshi la Kirumi katika Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, kati ya miji ya Newcastle na Carlisle. Housesteads, ambayo Warumi waliiita Vercovicium, imekaa juu ya ukingo wa mwamba, na ukuta wake wa kaskazini ndio Ukuta wa Hadrian wenyewe. Vindolanda iko kilomita chache kusini-magharibi, mahali pa chini zaidi, nyuma ya Ukuta.

Ukuta wenyewe ulianza kujengwa karibu na mwaka 122 BK, mwaka ambao Kaisari Hadrian alifika Britania. Ulikatiza kisiwa kutoka Wallsend upande wa mashariki hadi Bowness-on-Solway upande wa magharibi, kilomita 117 hivi. UNESCO iliuorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1987.

Kwa nini Vindolanda haiko kwenye Ukuta?

Kwa sababu ni kongwe kuliko Ukuta. Ngome ya kwanza hapo ilijengwa kwa mbao karibu na mwaka 85 BK, kando ya barabara ya Stanegate iliyounganisha Corbridge na Carlisle. Wakati huo barabara hiyo ndiyo iliyokuwa mstari wa ulinzi. Kila kikosi kilichohamia kilibomoa na kujenga upya, na wachimbaji wamehesabu ngome 9 zilizopandana mahali pale pale. Unachokiona leo juu ya ardhi ni ngome ya mawe ya karne ya 3 na ya 4. Nyingine ziko chini ya miguu yako.

Je, kuna cha kuona, au ni mawe tu?

Aliyewahi kufika Gede au Kilwa Kisiwani amezoea kuta zinazompita kimo, milango yenye matao, hata mapaa. Housesteads si hivyo. Kuta nyingi ni za magotini hadi kifuani, na nyasi zimefyekwa vizuri katikati ya vyumba. Mtu asiyejua anachokitafuta atazunguka nusu saa, atapiga picha za kondoo, kisha atarudi kwenye gari akiwa amepigwa na upepo.

Ila ramani nzima ya ngome ipo, na hilo ni jambo la nadra. Unaweza kutembea kutoka lango la kusini hadi makao makuu, ukapita nyumba ya kamanda, ukafika kwenye maghala na mabweni, bila kubahatisha. Soma sehemu ya "Ukiwa ndani ya magofu" hapo chini kabla hujaingia.

Nina siku moja tu. Nichague ipi?

Kama una gari, nenda zote mbili: asubuhi Housesteads, ambako unahitaji nguvu za kupanda, na mchana Vindolanda, ambako makumbusho yatakukinga mvua ikinyesha.

Ukilazimika kuchagua moja, kwa maoni yangu ni Vindolanda. Mandhari ya Housesteads haina mpinzani, lakini Vindolanda ndiko unakokutana na watu: viatu vyao, barua zao, hata glavu zao za ngumi. Mpenda picha na milima atanipinga, na ana haki yake.

Sina hata siku nzima, niko Newcastle kikazi. Nifanyeje?

Panda treni ya Metro ya mjini. Kituo cha Wallsend kiko karibu na ngome ya Segedunum, na mabango ya kituo hicho yameandikwa hata kwa Kilatini. Ukipanda njia ya South Shields utafika ngome ya Arbeia, ambayo lango lake moja limejengwa upya kwa kimo kamili. Kwa mtu ambaye hawezi kuona jengo akilini mwake kwa kutazama msingi tu, Arbeia inasaidia sana. Ina sababu nyingine ya kutembelewa pia: tazama swali kuhusu Waafrika.

## Kufika, tiketi na msimu

Bila gari inawezekana?

Inawezekana, ila panga mapema. Treni kutoka London King's Cross hadi Newcastle huchukua saa 3 hivi. Hapo unabadili na kupanda treni ya bonde la mto Tyne inayokwenda Carlisle, unashuka Hexham au Haltwhistle. Kati ya miji hiyo miwili kuna basi namba AD122, namba iliyochukuliwa kutoka mwaka wa Ukuta, nalo hupita kwenye magofu. Lina safari nyingi zaidi miezi ya joto, na ratiba yake hubadilika mwaka hadi mwaka. Hakiki saa ya basi la mwisho kabla hujaanza kuzunguka, kwa maana teksi za kuokota barabarani huko hakuna.

Kituo cha treni cha Bardon Mill ndicho kilicho karibu zaidi na Vindolanda, lakini kutoka hapo ni mwendo wa miguu na njia inapanda mlima.

Ratiba zote zimeandikwa kwa saa za Kizungu, tena za mfumo wa 24. Basi la 16:10 ni la saa kumi na dakika kumi alasiri. Mgeni aliyetoka nyumbani juzi mkumbushe.

Tiketi moja inaingia pote?

Hapana, kwa sababu wasimamizi ni tofauti. Housesteads inamilikiwa na National Trust na kuendeshwa na English Heritage, na wanachama wa mashirika yote mawili huingia bure. Vindolanda ni ya Vindolanda Trust, shirika la hisani lililoanzishwa mwaka 1970, na uanachama wa yale mawili haukuingizi bure hapo. Trust hiyo pia inaendesha Roman Army Museum, karibu na ngome ya Magna, na huuza tiketi ya pamoja ya Vindolanda na makumbusho hayo ambayo ni nafuu kuliko kulipa mara mbili.

Maegesho ya Housesteads hulipiwa kando. Ukuta wenyewe hauna tiketi: njia ya miguu inayoufuata, ya kilomita 135, iko wazi kwa kila mtu.

Niende mwezi gani?

Mei hadi Septemba. Mwezi Juni mwanga hubaki hadi baada ya saa tatu usiku, na unaweza kutembea kandokando ya Ukuta jioni watalii wakiwa wameshaondoka. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, na baadhi ya maeneo hupunguza siku za kufungua au hufunga kabisa.

Hata Julai beba koti la mvua na sweta. Upepo wa Housesteads haujali kalenda.

Raia wa Tanzania au Kenya anahitaji nini kuingia?

Visa ya mgeni ya Uingereza, sawa na raia wa Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Magofu yenyewe hayadai kitambulisho chochote.

## Ukiwa ndani ya magofu

Nianzie wapi Housesteads?

Kutoka kwenye maegesho yaliyo kando ya barabara ya B6318 utapanda mlima kwa dakika kama 10 hadi 15. Pita kwanza kwenye makumbusho madogo, kisha uingie kwa lango la kusini. Mpangilio ni ule ule wa ngome karibu zote za Kirumi: makao makuu katikati, nyumba ya kamanda kando yake, maghala ya nafaka jirani, na mabweni ya askari pande mbili.

Kwenye maghala tazama nguzo fupi za mawe zilizosimama kwa safu. Sakafu ililala juu yake ili hewa ipite chini, nafaka isiote ukungu na panya wasipate pa kujificha. Nyumba ya kamanda ilizunguka ua wa katikati kama nyumba za kitajiri za Mediterania, na baadhi ya vyumba vilipashwa joto kutoka chini ya sakafu. Askari wa kawaida walilala wengi pamoja katika vyumba ambavyo ukivipima kwa hatua utavimaliza haraka.

Kisha nenda kona ya kusini-mashariki, iliko sehemu inayopendwa kuliko zote.

Ni kweli kuna choo cha Kirumi?

Kweli, na ni miongoni mwa vilivyohifadhiwa vizuri zaidi Britania. Kiko kwenye kona ya chini kabisa ya ngome, kwa makusudi, ili maji yote yateremkie huko. Mfereji mrefu wa kina unazunguka chumba. Juu yake palikuwa na viti vya mbao, askari wakikaa bega kwa bega bila kizuizi chochote. Mfereji mdogo ulio mbele ya miguu ulikuwa na maji ya kusafishia. Matangi ya mawe yaliyokusanya maji yako jirani, na kingo za moja zimelika, watu wakisema ni kwa kunoa visu au kufulia nguo.

Viti vya Housesteads vilioza zamani. Vindolanda walifukua kiti kimoja cha choo cha mbao kikiwa kizima, kilicholainishwa na matumizi. Kwa nini kimoja kioze na kingine kibaki, tazama hapo chini swali kuhusu vibao vya Vindolanda.

Kwa nini malango yana alama za magurudumu?

Mikokoteni. Mizigo ilipita hapo kwa vizazi hata vizingiti vya mawe vikachimbika. Angalia pia kwamba baadhi ya malango yalizibwa nusu baadaye, mlango mmoja kati ya miwili ukajazwa mawe. Lango la kaskazini linatazama mteremko mkali ambao mkokoteni haungeweza kuupanda bila kujengewa njia ya kupandia. Ramani ya malango ilitoka kwenye kanuni za jeshi, na kanuni hazikuuliza kuna mwamba au hakuna.

Vijumba vya nje ya ngome vilikuwa vya nani?

Vya raia: wafanyabiashara, mafundi, wenye vilabu vya pombe, na familia zilizowafuata askari. Housesteads kuna nyumba moja ambako katika miaka ya 1930 wachimbaji walikuta mifupa ya mwanamume na mwanamke chini ya sakafu ya udongo, na ncha ya kisu ikiwa kwenye mbavu za mwanamume. Sheria ya Kirumi ilikataza kuzika watu ndani ya makazi, kwa hiyo aliyewafukia alikuwa anaficha jambo. Watu huiita nyumba ya mauaji.

Naweza kupanda juu ya Ukuta?

Hapana, hata kama umemwona mtu mwingine amepanda. Mawe hulegea na maji ya mvua huingia katikati. Mahali panapojulikana kuruhusiwa ni kipande kifupi kinachopita msituni, magharibi tu ya Housesteads, ambako njia imewekwa juu ya Ukuta.

## Watu walioishi humo

Askari walikuwa Waitaliano?

Wachache mno. Ukuta ulijengwa na majeshi makuu matatu ya raia wa Kirumi, yaani Legio II Augusta, VI Victrix na XX Valeria Victrix, lakini hawakubaki kuulinda. Waliokaa ngomeni ni askari wasaidizi kutoka mikoa iliyotekwa. Housesteads ilikaliwa na Watungri, watu wa eneo la Ubelgiji ya leo, wapatao 800. Vindolanda ilipokea Watungri, kisha Wabatavi kutoka Uholanzi ya leo, na baadaye Wagali. Askari msaidizi alitumikia miaka 25, akimaliza anapewa uraia.

Vibao vya Vindolanda ni nini, na kwa nini vinasifiwa hivyo?

Ni vipande vyembamba vya mbao, unene wa milimita 1 hadi 3, vilivyoandikwa kwa wino. Vya kwanza vilipatikana mwaka 1973 na mwanaakiolojia Robin Birley, na hadi sasa vimefukuliwa mamia. Vilinusurika kwa sababu kila ngome mpya ilijengwa juu ya tabaka la udongo na majani lililofunika ile ya zamani. Chini yake palijaa maji, hewa ikakosekana, na bakteria wanaoozesha mbao na ngozi hawaishi bila hewa. Ndiyo maana pia makumbusho yana viatu vya ngozi kwa maelfu, vya wanaume, wanawake na watoto.

Vitabu vya historia vya Warumi viliandikwa na wakubwa. Vibao hivi viliandikwa na watu waliokuwa na baridi. Mmoja anatajiwa kwamba ametumiwa soksi, viatu na suruali za ndani. Mkuu wa kikosi kidogo aitwaye Masclus anamwandikia kamanda wake Flavius Cerialis kwamba askari wenzake hawana bia, aagize waletewe. Mwingine anawaita wenyeji kwa jina la dharau, "Brittunculi", vijitu vya Britania.

Kibao kimoja ni ripoti ya kikosi cha Watungri kwa siku moja ya mwezi Mei. Askari kwa jumla ni 752. Kati yao 456 hawapo, wakiwemo 337 walioko Corbridge. Kati ya waliopo, 31 hawafai kazini: wagonjwa 15, majeruhi 6, na 10 wenye maradhi ya macho. Waliobaki wazima ni 265. Ukisikia ngome ilikuwa na watu mia kadhaa, kumbuka hesabu hii: kwenye karatasi walikuwa wengi, getini walikuwa wachache.

Maarufu kuliko vyote ni mwaliko wa karibu na mwaka 100. Claudia Severa anamwalika Sulpicia Lepidina, mke wa Cerialis, kwenye siku yake ya kuzaliwa, tarehe 11 Septemba. Barua iliandikwa na karani, lakini mistari ya mwisho Severa aliiandika mwenyewe, anamwita Lepidina dada. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kilatini yanayojulikana kuandikwa na mkono wa mwanamke.

Vibao vyenyewe nitaviona Vindolanda?

Vichache, vilivyoazimwa. Vingi viko British Museum, London. Ukiwa na siku London kabla ya kwenda kaskazini, pita huko kwanza.

Je, Waafrika walikuwepo kwenye Ukuta?

Ndiyo, na ushahidi uko kwenye mawe. Karibu na Burgh by Sands, upande wa magharibi, ilipatikana nakshi ya katikati ya karne ya 3 inayotaja kikosi cha Wamauri, watu wa kaskazini-magharibi mwa Afrika. Ngome yao iliitwa Aballava. Arbeia, South Shields, kuna jiwe la kaburi la Victor, Mmauri aliyekuwa mtumwa wa askari farasi Numerianus kisha akaachwa huru. Alifariki akiwa na miaka 20. Nakshi inamwonyesha amejilaza kwenye kochi karamuni, na maandishi yanasema Numerianus alimsindikiza kaburini kwa mapenzi makubwa.

Ngazi za juu pia walikuwepo. Kaisari Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, alikuja Britania mwaka 208 kupigana kaskazini ya Ukuta, akafia York mwaka 211. Kabla yake Lollius Urbicus, mzaliwa wa Algeria ya leo, alikuwa gavana wa Britania na ndiye aliyesimamia Ukuta wa Antonine huko Uskoti.

Hao wote ni wa Afrika ya Kaskazini. Pwani yetu wakati huo ilijulikana kwa wafanyabiashara wa Misri ya Kirumi, ambao mwongozo wao wa baharini wa karne ya 1 unaitaja bandari ya Rhapta. Anayekuambia kwamba Waswahili walilinda Ukuta wa Hadrian, mwombe akuonyeshe jiwe.

Mawe mengine yote yalikwenda wapi?

Yaliibwa, kwa maana ya kawaida ya wanakijiji: mashamba, mazizi, makanisa. Chumba cha chini cha Hexham Abbey kimejengwa kwa mawe ya Kirumi. Baada ya uasi wa mwaka 1745 dhidi ya mfalme wa Uingereza, serikali ilijenga barabara ya kijeshi kuelekea Carlisle na kutumia mawe ya Ukuta kama msingi, hivyo ukiendesha gari kwenye sehemu za B6318 unaendesha juu yake. Yaliyobaki tunadaiwa shukrani kwa John Clayton, mwanasheria wa Newcastle, aliyenunua shamba la Housesteads mwaka 1838 na mengine baadaye ili kuzuia uporaji.

## Familia, chakula na sala

Watoto watachoka?

Wadogo sana, ndiyo, hasa Housesteads. Vindolanda kuna nakala za vipande vya Ukuta, kimoja cha mawe na kingine cha mbao na udongo, wanavyoweza kupanda. Roman Army Museum ina filamu na silaha, nao huipenda.

Mama yangu ana matatizo ya magoti. Nimpeleke?

Vindolanda, sehemu ya juu ya magofu ni ya kutembeleka. Njia ya kuteremka kwenda makumbusho ina mteremko mkali, basi mwulize mhudumu wa getini namna ya kumfikisha kwa gari. Housesteads ongea na kituo cha wageni kabla ya kuanza kupanda. Usimwache mzee agundue mlima akiwa katikati.

Chakula halali na mahali pa kusali?

Karibu na magofu hakuna msikiti. Newcastle ipo misikiti na migahawa ya halali, kwa hiyo wengi hubeba chakula kutoka huko. Vindolanda kuna mkahawa wenye vinywaji, keki na vyakula visivyo na nyama. Kusali kwenye nyasi hakuna atakayekuzuia, ilimradi usitandike mswala juu ya kuta.

## Hali za pekee

Naweza kushiriki kuchimba?

Ndiyo. Kila mwaka, kuanzia majira ya kuchipua hadi Septemba, Vindolanda hupokea watu wa kujitolea wasio na uzoefu wowote. Unalipa ada, na malazi ni juu yako. Nafasi hufunguliwa miezi mingi kabla na hujaa upesi, kwa hiyo andika jina mapema. Glavu za ngumi za ngozi zilizotajwa juu zilifukuliwa katika uchimbaji wa mwaka 2017.

Kwa anayetoka nje: visa ya mgeni huruhusu kujitolea kwa shirika la hisani lililosajiliwa kwa muda usiozidi siku 30. Litaje jambo hilo kwenye maombi yako, usisubiri kuulizwa uwanja wa ndege.

Nimeokota kipande cha chungu njiani. Nikichukue?

Kiache pale pale na umwambie mhudumu. Kipande kikitoka mahali pake hakisemi tena kilikuwa cha tabaka gani. Kutumia kifaa cha kutafutia vyuma kwenye eneo linalolindwa bila kibali ni kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 1979, hata kama hujapata kitu.

Droni?

Bila kibali cha maandishi, hapana.

Ule mti maarufu bado upo?

Mti wa Sycamore Gap, uliosimama peke yake kwenye bonde magharibi ya Housesteads, ulikatwa usiku mwezi Septemba 2023. Wanaume wawili walihukumiwa kifungo mwaka 2025. Kisiki kipo na kimechipua, kimezungushiwa uzio. Matembezi kutoka Housesteads hadi hapo bado ni kipande kizuri kuliko vyote vya Ukuta, ila kina ngazi za mawe zenye utelezi; vaa viatu vyenye meno.